Zamu ya Jeanine

Adhana ya adhuhuri ilipolia upande wa Majengo, Umutesi aliisukuma sahani kwa fimbo hadi ikapita chini ya mlango wa mbao. Bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa sambaza, vyote vizima. Hakupunguza hata samaki mmoja, kwani kisasi chake hakikuwa cha njaa.

Kisha akanyamaza. Hicho ndicho kilichokuwa kisasi.

Corona ilipoingia Goma, Jeanine, mke wa kaka yake, alimwambia, "Wifi, weye hauna miguu, ugonjwa utakukamata wa kwanza. Ukae mu chumba. Ni kwa uzuri wako." Akamnyang'anya baiskeli yake ya magurudumu matatu, akafunga mlango. Tangu hapo chakula kilikuja kwa ncha ya fimbo, bila salamu, kana kwamba hata neno huambukiza. Umutesi alisihi aulizwe angalau ameamkaje. Hakuulizwa. Akaanza kuzungumza na misumari ya ukutani. Akaipa majina, akagombana nayo.

Mpaka asubuhi moja alipotambua kwamba Mola amehukumu: aliyefungiwa sasa ni Jeanine. Moyo wake ukatulia. Fimbo ilipochungulia chini ya mlango, aliivuta kwa nguvu ikamponyoka Jeanine mkononi. Tangu siku hiyo ikawa yake.

"Wifi," sauti ya Jeanine ililia ng'ambo ya mbao. "Ongea basi. Hata unitukane tu."

Umutesi alitabasamu gizani. Alie. Yeye alipolia, nani alimbembeleza?

Mara akasikia sauti ya pili. Ilikuwa ya Niyonsenga, kaka yake na mume wa Jeanine, aliyekwama Masisi tangu njia zifungwe.

"Bado kufuli iko pale? Ugonjwa ulishaisha, Jeanine."

"Niliogopa, papa. Halafu nikaona haya."

"Leta ufunguo."

Umutesi aliikaza fimbo mkononi. Ndivyo kaka yake alivyokuwa tangu utoto, mwepesi wa huruma, na leo huruma yake ingemharibia hukumu aliyoingoja kwa machozi. Alitaka kupiga kelele asifungue, lakini kuongea kungekuwa kushindwa.

Kufuli ikalia. Jua likamwagika juu ya mkeka wake, juu ya ndoo yake ya haja, juu ya misumari yenye majina. Jeanine alisimama uani, kamba ya nguo nyuma yake, ufunguo mkononi.

Umutesi alikinga macho kwa kiganja, akamtazama kwa hasira.

"Nani alikufungulia weye?"