Fimbo za Fundi

Fundi aliibana fimbo ya saba kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno mwembamba mpaka karibu nusu ya unene wake, kisha akauziba mkato ule kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Akapiga msasa. Akapaka vanishi. Ungeishika mkononi usingeona kitu. Ilikuwa fimbo ya heshima kabisa, imenyooka na inang'aa.

Zilikuwa za shule. Fundi ndiye aliyeitengenezea madawati, na mwaka uliopita mkuu wa shule alimwongezea kazi ya fimbo, kumi kila muhula. Fundi alitaka kukataa. Mkuu alicheka, akamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba asipozichonga yeye atazichonga mwingine, tena kwa mti mgumu. Hilo Fundi alijua ni kweli. Akaitikia, lisilo budi hutendwa, ila alikuwa na lake moyoni.

Kisa kilikuwa binti yake. Mtoto wake wa pekee alitoroka shule kwa kuogopa fimbo, akiwa darasa la tano, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemkamata akamrudisha, akamshikilia juu ya dawati wakati mwalimu anachapa. Siku zile aliona ndiyo malezi. Binti hakukanyaga tena darasani, na alipokua hakubaki nyumbani pia. Alichomwachia baba yake ni mjukuu mmoja wa kike, ambaye sasa naye yuko darasa la tano. Fundi alikuwa ameapa kwamba huyu atasoma mpaka mwisho, liwalo na liwe.

Basi hesabu yake ilikuwa nyepesi. Adhabu ya shule ile ni viboko sita. Fimbo yake hukatika kwenye cha pili, ikijitahidi sana cha tatu. Mwalimu atabaki na kipande mkononi, darasa litaangua kicheko, naye kwa aibu atamwambia mtoto akakae. Ili asishtukiwe, katika kila kumi Fundi aliacha tatu nzima. Hakumwambia mtu, hata mjukuu wake, maana watoto hawana kifua.

Na mambo yalikwenda. Kutoka kumi kwa muhula, shule ilifika kumi kwa mwezi, kisha kumi kwa wiki. Kila agizo jipya Fundi alilipokea kwa furaha ya mtu aliyeletewa barua njema. Mwalimu wa nidhamu alikuja kuzichukua mwenyewe, na Fundi alingoja kwa hofu siku ya kulalamikiwa. Haikufika. Mwalimu alizikagua moja moja, akatabasamu.

"Kazi yako nzuri, Fundi," alisema. "Watoto wanaziogopa hizi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo."

Fundi aliinamisha uso asije akaonekana anacheka. Mtu mzima akifedheheka, aliwaza, hawezi kutangaza.

Lakini nyumbani hali ilizidi kuwa mbaya. Mjukuu alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Daftari la hesabu alilokuwa akimwonyesha babu kwa majivuno sasa lilifichwa chini ya godoro. Jioni alikula amesimama, na alipoulizwa alisema amechoka kukaa. Fundi hakuzaliwa jana, alielewa. Hakumdadisi, kwa kuwa mtoto akisema shuleni kachapwa huulizwa kwanza kakosa nini, na yeye hakutaka kuwa babu wa kuuliza hivyo. Alijifariji kwamba ni viboko viwili tu. Bila mkono wake vingekuwa sita. Hata hivyo roho ilimuuma, maana macho ya mtoto yalianza kufanana na ya mama yake, yale ya mwaka wa mwisho.

Akaamua kuzidisha. Fimbo za wiki hii alizikata ndani zaidi, na hakuacha hata moja nzima. Mwalimu alizichukua jana. Sasa Fundi alikuwa ameanza za wiki ijayo, kwa mtindo uleule.

Hapo ndipo mjukuu alipoingia karakanani, amevaa sare, mkoba mgongoni, na kengele ya shule imekwisha kulia. Alisema, bila chozi hata moja, kwamba leo haendi, na kesho haendi, na babu akitaka kumburuta amburute.

Miaka mingi nyuma maneno kama hayo Fundi aliyajibu kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa akiyajutia mpaka leo. Akaona siri haina kazi tena. Akamsogeza mtoto karibu na jiliwa, akamwonyesha mkato, gundi na vanishi. Kisha akachukua fimbo moja iliyokwisha kukauka, akaigonga kidogo tu ukingoni mwa meza. Ikakatika.

"Umeona, mama?" akamnong'oneza. "Tangu mwaka jana. Fimbo za shule nzima nazikata mimi, kwa ajili yako. Na hizi alizochukua mwalimu jana, zote kumi, hazifiki hata kiboko cha pili. Nenda shule, usiogope."

Mjukuu aliokota kipande kilichoanguka sakafuni. Alikigeuza akautazama mkato, kisha akamtazama babu yake.

"Babu," akasema taratibu, "ikivunjika kabla ya sita, mwalimu anachukua nyingine, anaanza tena kuhesabu moja. Mpaka apate isiyovunjika."