Herufi ya Kukohoa

Treni ya Kairo ilikuwa imeshaanza kuondoka Sohag, na Daktari Fikri Sidhom, mhadhiri wa chuo kikuu, bado alikuwa amening'inia mlangoni. Kwa mkono mmoja alimvuta ndani Mwalimu Qolta, kiongozi wa nyimbo wa kanisa lao la Akhmim, mzee wa miaka sabini na tisa. Mkono wa pili ulikumbatia foronya yenye kitabu cha sala cha Kikopti, lugha ya kale ya Wakristo wa Misri, alichokinakili babu yake Mwalimu kwa kalamu ya tete. Kama angelazimika kuachia kimoja, asingewaza sana, na Mwalimu alilijua hilo.

"Ukurasa wa mwisho umeubeba?" mzee aliuliza alipopata pumzi.

"Ule uliochomoka? Nimeuacha kwako. Ni Kiarabu kitupu, hauna herufi yetu."

"Lakini umeusoma?"

"Mwalimu wangu, kila mnakili anamalizia kwa kuomba asamehewe. Nimeshasoma mia. Kula mkate wako."

Herufi yenyewe ilifanana na ndoano iliyomeza yai. Ilikuwamo katika kitabu hicho mara arobaini na moja, na haikuonekana penginepo duniani. Miaka kumi na tisa Daktari aliiandikia makala, na kwa kuwa haikuwa na namba kwenye kompyuta, kila ilipotakiwa kutokea kompyuta ilichora kisanduku kitupu, yaani hiki sikijui. Makala kumi na moja za visanduku. Wanafunzi wakamwita Baba Visanduku. Shemeji yake, profesa wa meno, alimwita hivyo hivyo mezani siku ya Pasaka, mbele ya bata wa kuokwa.

Sasa kamati ya Wazungu wanaogawa namba za herufi ilikuwa na kikao Kairo. Wakiikubali, Fikri angekuwa profesa kabla ya kustaafu mwezi wa sita. Wakiikataa, angezikwa na visanduku vyake.

"Hao wasomi watatuambia kweli?" Mwalimu aliuliza walipofika Minya.

"Watatuambia leo leo."

"Mara zote arobaini na moja?"

"Wakiikubali mara moja inatosha, mzee wangu."

"Basi babu atapumzika," akasema Mwalimu, akatabasamu mpaka Beni Suef.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Annelies, Mholanzi mrefu aliyetabasamu kwa ratiba.

"Inatamkwaje?" aliuliza.

Fikri alikuwa akilisubiri swali hilo kwa miaka kumi na tisa. Akamgusa Mwalimu kiwiko. Mzee akasimama, akafumba macho, akaimba kwa sauti iliyowafanya hata wakalimani wanyamaze. Kila alipofika penye ndoano na yai, alikohoa kidogo, kwa adabu, kisha akaendelea.

"Mmesikia?" Fikri alikuwa na machozi. "Sauti ya kooni! Imekufa bonde zima la Nile, imebaki kwa mtu mmoja!"

"Nani alikufundisha, Mwalimu?"

"Baba yangu, bibie. Naye alifundishwa na babu."

"Nao walikohoa?"

"Pale pale."

Wajumbe wakaandika. Mmoja akajaribu kukohoa, akasifiwa.

"Lakini mbona inasimama peke yake?" Bi Annelies alipekua kurasa. "Haiingii ndani ya neno na wenzake hata mara moja."

"Ni herufi yenye heshima zake," Fikri akajibu. Hilo nalo likaandikwa.

Mwalimu akainua kidole. "Bibie, samahani, mimi nilikuja kuuliza—"

"Safari imemchosha," Fikri akasema, akamkalisha kwa upole wa mtu anayefunga sanduku la nguo.

Wote walipiga kura ya ndiyo.

Herufi ilipewa namba, na sasa imo katika kila simu, hata ya yule shemeji. Fikri alistaafu akiwa profesa. Kibao cha mlangoni kwake kina ndoano na yai. Bi Annelies alirudi kwao Uholanzi. Mashemasi wa Akhmim walichapishiwa kitabu kipya, na siku hizi wanakohoa kwa pamoja, safu ya kaskazini ikianza na ya kusini ikiitikia. Mwalimu Qolta alifariki mwezi wa nane, katikati ya mfungo wa Bikira. Mjukuu wake Damiana aliutia ule ukurasa wa mwisho kwenye fremu, akautundika sebuleni chini ya picha ya mtakatifu Mar Girgis. Mwandiko wa mnakili unasomeka vizuri:

"Ewe msomaji, nisamehe mimi mkosefu. Kitabu nilichokinakili kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kila penye neno nililoshindwa kulisoma nimechora ndoano na yai. Ukimpata msomi anayelijua, muulize."