Kofia ya Kugeuzia

Mgeni kutoka wizarani aliingia bila hodi, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba na kujipakulia biriani tuliyowaandalia wageni wa harusi.

"Wewe ndiye Mwanakombo, mhitimu wa lugha ya alama?" aliuliza akilamba vidole. "Wakalimani wametosha. Nchi haina mafundi wa majitaka. Leo unageuzwa."

Akatoa kofia mfukoni. Ukiivaa, inakuingizia shahada mpya kichwani na kufuta ya zamani pamoja na yote uliyojifunza. Ndani zilinata nywele za mhitimu aliyenitangulia, na ilinuka kama tambara la jikoni lisiloanikwa.

"Mdogo wangu Sharifa ni kiziwi," nilisema. "Anaolewa kesho. Nimemwahidi kumkalimania."

"Bwana harusi si ana mikono, dada? Watasemezana tu." Alicheka, punje ya wali ikarukia kitambaa cha meza. "Ukivaa leo, utafanya kazi hapahapa mtaani kwenu. Ukivaa kesho, ni miaka mitatu kwenye mabwawa ya majitaka, kule jangwani."

"Basi kesho," nilisema.

Kesho yake nilimkalimania Sharifa kila neno, swali la kadhi na hata utani wa mashangazi, ambao sikuupunguza makali. Alicheka mpaka wanja ukamtiririka.

Baadaye alinisindikiza mpaka kwenye gari la mgeni. Alikuwa akiifuta kofia kwa kitambaa chetu cha meza, tayari kunivisha.

"Bado unanielewa, dada?" Sharifa aliuliza kwa mikono.

"Bado nakuelewa," nilimjibu, polepole, kidole kwa kidole.