Zipu ya Mgongoni

Basi lilikuwa limeshakata kona ya machimbo ya chokaa Pargeter alipotoa kichwa shimoni. Akainua makucha yake ya mpira, akapunga. Basi halikurudi.

Alikuwa ameambiwa alale mle shimoni, asiinuke mpaka aitwe. Mvua ikashuka, kamera zikafungashwa, wala hakuna aliyemwita. Msaidizi wa mwongozaji alipohesabu watu ndani ya basi, aliona kichwa cha zimwi kwenye kiti cha nyuma, kimefunikwa blanketi.

"Pargeter kasinzia," akasema. "Mwacheni mzee wa watu."

Kilikuwa kichwa cha akiba.

Wiki tatu sasa Pargeter alikuwa zimwi la sayari ya saba, katika mchezo wa televisheni ambao watoto wa Uingereza nzima wangeutazama Jumamosi wameziba macho. Jina lake lisingeonyeshwa. Zipu ya vazi ilikuwa mgongoni, na kila jioni Beryl, fundi wa mavazi, ndiye aliyemfungua, akamfuta jasho shingoni huku akimtania. Tangu mkewe Winifred azikwe, hakuna mkono mwingine uliomgusa. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kazi.

Akaketi juu ya jiwe. Maji yakampenyea kwenye matundu ya macho. Ndani, kikamba kikamtekenya kidevu kama kila siku. Akakisukuma kando kwa ulimi. Akangoja, meno yakigongana. Saa nzima ikapita. Ikapita ya pili.

Ndipo gari dogo la Beryl likaja, likirusha matope.

"Ole wako unifie humo ndani, Pargeter! Vazi hilo nimelishona kwa mikono yangu!"

"Nilijua utakuja."

"Ulijua! Mwenzio nimekipelekea chai kichwa kitupu, nakibembeleza kiamke, watu wananicheka!"

Akamgeuza, akaishika zipu.

"Lakini wewe, kwa nini hukuvuta..."

Akaifungua polepole kuliko siku zote. Akamfuta shingo kwa aproni yake, kisha akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Mwezi uliofuata Beryl alihamia Australia kwa dada yake. Mwongozaji aliacha kazi, akafuga nyuki. Mkanda wa mchezo ule ulifutwa, ikarekodiwa mechi ya mpira juu yake. Pargeter alifariki majira ya baridi ya pili, akazikwa na watu wanne. Vazi likanunuliwa na jumba dogo la makumbusho, na mtunzaji alipoligeuza ndani nje, alikuta kikamba chekundu kimefungwa kwenye zipu, kimepitishwa begani hadi usawa wa mdomo. Kando yake palishonewa kitambaa: "Bwana Pargeter, ukikwama, ng'ata hapa uvute. Beryl."

Chini yake, kwa penseli na mwandiko mwingine: "Nimeelewa. Asante."

Kikamba hakikuwa na alama ya jino hata moja.