Visu Saba

Kabichi ya tatu ilichomwa kisu saa nne asubuhi. Ya kwanza ilikufa kimya mno, ya pili ilikuwa imelala na haina maji, lakini hii ya tatu ilitoa mlio uliomfanya mwongozaji ashike mbavu zake mwenyewe, kama aliyechomwa yeye.

"Hiyo," alisema shangazi, akazima kinasa sauti. "Sita zaidi kama hiyo, tumemaliza mtu."

Shangazi huyu alikuwa ametengeneza sauti za michezo ya redio miaka thelathini, na mikononi mwake walikufa watu chungu nzima, wote kwa mboga. Mwongozaji alikuwa mtoto wa kaka yake, mwalimu aliyeacha kazi ili atengeneze filamu. Mkewe alishamwambia bila kumumunya maneno: ikikwama hii, chaki inakungoja. Nayo filamu nzima ilisimama juu ya tukio moja, pale fundi cherehani anapouawa na mkewe. Siku ya kulipiga picha mambo yalikwenda mrama, mwongozaji akarudi karibu kulia, na shangazi akamwambia alete hicho hicho alichopata, dawa anayo.

Mzozo ukaja kwenye muziki. Mwongozaji alitaka ngoma na tarumbeta, zile za kumwambia mtu kaa mkao, kuna mauti. Shangazi alikataa katakata. Yeye alitaka wimbo wa kubembelezea mtoto, uimbwe na muuaji mwenyewe, polepole, maneno yakimpotea kidogo kama mtu anayeosha vyombo.

"Ukimpigia ngoma, mtazamaji anajua kujikinga," alisema. "Mbembeleze. Akishalegea, ndipo umchome."

Mwongozaji alibisha kidogo, kwa adabu. Chumba kilikuwa cha shangazi, kinasa sauti chake, hata kabichi zake.

Bodi ya ukaguzi ikaitazama filamu siku ya Jumatatu. Walikuwa watu watano, na mmoja alitoka mbio na kiganja mdomoni. Jumatano barua ikaja: tukio la mauaji likatwe, la sivyo filamu haitaonyeshwa popote. Mwenyekiti, mtu makini asiyependa utani, alikuwa ameorodhesha kila kitu. Kisu kinaingia mara saba. Damu inaruka hadi ukutani. Macho ya marehemu yanamtazama mtu usoni. Mjumbe mwingine aliongeza pembeni, kwa kalamu yake, kwamba damu ile ni nyekundu kupita kiasi.

Mwongozaji aliisoma mara mbili, akainuka aende kujieleza. Likiondoka tukio lile, filamu haina roho, na yeye Jumatatu ijayo yuko ubaoni. Shangazi akamkalisha chini na kumwambia afunge mdomo. Tangu azaliwe hajawahi kusifiwa namna ile, alisema, na barua hiyo ataitundika sebuleni.

Kisha akapiga simu mwenyewe, kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hakuna aliyejua anayo. Wamekosa, akasema, wanaomba radhi, wala hawana ubishi. Ila wao ni wageni wa mambo haya, wasije wakakata pasipohusika. Mwenyekiti angewafaa sana kama angefika mwenyewe, awaonyeshe.

Mwenyekiti akafika kesho yake, tai shingoni, barua mkononi. Alikataa kiti cha wageni, akaketi mbele ya mashine ya kuhariri, akaweka muhuri wake mezani. Masharti yake yalikuwa mafupi. Atakachokigusa kwa kidole kwenye kioo kikatwe mbele ya macho yake. Asichokigusa kitabaki, na muhuri utagongwa pale pale.

"Asemavyo mkubwa," akajibu shangazi. "Na usituonee haya. Gusa chote."

"Sina kawaida ya kuonea watu haya, bibie. Ila zima hiyo sauti. Wimbo wenu umeninyima usingizi siku tatu."

Shangazi akazima. Mwongozaji alijibanza ukutani, vumbi la chaki analisikia puani. Hakuthubutu hata kumtazama shangazi yake. Mwenyekiti akavaa miwani, akasogeza kiti, akanyoosha kidole kungoja kisu cha kwanza.

Kidole kikabaki hewani. Tukio lilianza, likaisha, dakika moja na sekunde arobaini, na muda wote huo kwenye kioo palikuwa na mlango ule ule walioutazama Jumatatu, umefungwa, taulo la kijani limeangikwa kwenye kitasa.