Bibi Harusi wa Ibaba

Fausta alikuwa na miaka sitini na mbili siku walipomvika tena shela ya bibi harusi. Mwongozaji alishikilia kwamba jina lake ndilo litakalouza filamu. Poda ilikuwa imejaa kwenye mikunjo ya shingo yake, ikapasuka kama udongo wa kiangazi.

Zamani, igizo hilohilo la nyimbo lilipochezwa jukwaani Ibaba, Fausta akiwa bibi harusi, aliyeigiza mama wa bibi harusi alikuwa mama yake mzazi. Sasa waigizaji walifuatisha kwa midomo tu kaseti iliyorekodiwa wakati ule.

"Mama, ukifika mlangoni usigeuke," mwongozaji alimkumbusha.

Kaseti ikaanza. Sauti yake ya usichana ikaimba, naye akaifuata mpaka mlangoni.

Nyuma yake, binti wa miaka ishirini na tano aliyeigiza mama, amepakwa mvi za unga, akafumbua kinywa. Ikatoka sauti ya marehemu mama yake Fausta: "Nenda mwanangu, mimi nipo."

Fausta akageuka.

"Kata! Mama, hapo hugeuki!"

Alikuwa ameshapiga magoti miguuni pa yule binti.

"Shikamoo, mama."

Fundi sauti akazima kaseti. Fausta hakuinuka. Alikuwa anasubiri kuitikiwa.