Difu ya Marehemu

Cheche aliishika difu kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa kichwa cha ndugu yake. Chuma chenyewe hakikuzidi ukubwa wa sufuria ya chai, lakini kilitoka tumboni mwa gari la marehemu kaka yake, gari ambalo enzi zake liliwalisha vumbi madereva wote wa mashindano.

"Nichomelee," alisema shemeji yake, mjane wa kaka. "Iwe kitu kimoja. Nguvu isipotee njiani."

Cheche aliiweka mezani taratibu, maana angeiweka vile alivyojisikia, meza ingevunjika. Mchomeleaji huyu jina hilo hakulipata kwa kazi peke yake. Hasira zake nazo ziliruka mbali. Akamweleza shemeji, akitafuna maneno, kwamba gari lile huvutwa na magurudumu yote manne, na kwenye kona, ya mbele na ya nyuma hayaendi sawa. Difu ya kati ndiyo msuluhishi wao. Ukiichomelea umemziba msuluhishi mdomo: kila kona itakuwa ugomvi, matairi yatalia, mpaka kitu kikatike.

"Kona za nini, shemeji?"

Hapo damu ikampanda. Gari lisilotaka kona ni la kukimbizwa kwenye ile barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, wanakopimana ubavu vijana kila Jumamosi. Kumbe maneno ya kinyozi yalikuwa kweli. Kinyozi wa jirani, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alikuwa amemnong'oneza kwamba nyumbani kwa mjane kuna mwanamume anaingia na kutoka, mpiga chokaa sijui, nyusi nyeupe kama mtu aliyefufuka. Hulizunguka gari na futi kamba, hulipima mbele na nyuma, hucheka na mwenye nyumba. Na juzi alikaa kwenye kiti cha dereva, akalingurumisha kidogo, roho yake kwatu.

"Kaka alisema nini siku zile kalazwa?" Cheche aliuliza. "Ulikuwepo, ulisikia kwa masikio yako."

"Alisema gari lake asiliendeshe mtu mwingine."

"Na huyo mpiga chokaa wako?"

Mjane alifungua mdomo aeleze. Cheche akamwambia maelezo akampe bwana wake, hapa ni karakana. Mdomo ukafungwa. Ulipofunguka tena, mwenyewe naye alikuwa amewaka.

"Tangu tumzike hujaja kuuliza tunakula nini. Leo ndiyo unauliza gari linakwenda wapi. Sema, unachomelea huchomelei?"

Cheche akasema atachomelea. Mjane, akiwa amefika mlangoni, akageuka kuuliza kama injini ile inaweza kunguruma kutwa nzima bila kuchemka. Cheche alimgeuzia mgongo. Yaani hata mazoezi walishayapanga.

Alivaa kioo, akawasha mashine, na kila cheche iliyoruka aliitamani itue kwenye nyusi zile nyeupe. Lakini hakuchomelea. Aligusagusa tu: doa hapa, doa pale, kisha akapitisha chuma chembamba juu juu na kukisugua mpaka kikang'aa. Kwa macho ilikuwa kazi ya fundi. Kwa mzigo, ilikuwa uongo. Siku bwana yule atakapokanyaga mafuta na kuachia klachi mbele ya watu, madoa yataachia, vipande vitaingia kwenye meno ya giaboksi, na atabaki kutoa macho kama mwizi wa kuku. Gari litakufa, ndiyo. Afadhali life kuliko liolewe.

Mjane alipokuja kuichukua aliigeuza mkononi, akaipangusa kwa ncha ya nguo yake, akasema ahsante. Sauti ilikuwa imelainika kidogo.

"Jumamosi tunaliwasha. Njoo, shemeji. Usikose."

Mtu kukutukana na kukualika uje kutazama. Cheche akaapa hatakosa, na Jumamosi aliyetangulia kufika ni kinyozi, ambaye alifunga duka na kumwacha mteja na nusu kichwa.

Uani kwa mjane hapakuwa na pa kukanyaga. Vijana wa mbio hawakuonekana. Palikuwa na foleni, wanawake kwa wanaume, ndoo na madebe yamejaa mahindi, wanataniana nani kamruka nani. Gari la kaka lilikaa mbele yao juu ya nguzo za matofali, halina hata gurudumu moja. Kutoka nyuma yake ilitokeza shafti fupi yenye puli, na kwenye puli mkanda mpana, na mkanda uliingia kibandani, kwenye mashine mpya ya kusaga. Mwenye nyusi nyeupe alikuwa ameinama pale akiukaza. Alipojikung'uta, unga wa mashine nyingine alizozifunga ukamruka mabegani.

Mjane alimwona Cheche, akamshika mkono, akamvuta mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye shemeji yangu. Juzi tulitoleana maneno mazito, lakini kazi yangu aliifanya. Kila nilichokuwa nacho nimekiweka hapa, na difu ni mkono wake." Akamfungulia mlango wa dereva. "Kaka yako alisema asiliendeshe mtu mwingine. Haliendi popote tena. Ingia, liwashe wewe."

Kiti kilikuwa bado kimesogezwa mbele, kwa miguu mifupi ya kaka. Injini ikaitika mara moja. Kibandani mtu wa kwanza akamimina debe lake, na foleni nzima ikaanza kupiga makofi.

"Achia, shemeji."

Cheche aliikanyaga klachi mpaka mwisho, na mguu wake ukabaki palepale.